Bi Tikisa wa Dirisha la Dawa

Jina hilo hakupewa na mama yake mzazi. Alipewa na watoto wa kituo chetu cha afya, kwa sababu hakuna chupa iliyotoka kwenye dirisha lake bila yeye kusema, "Tikisa kwanza, mama. Usipotikisa, mtoto anakunywa maji, dawa inabaki chini ya chupa." Alisema hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Watoto wenye vikohozi vya kila mwezi walikuwa wakimwitikia kabla hajafungua mdomo: "Tikisaaa!" Basi jina likamganda. Siku mkubwa wa kituo alipotaka kumwandikia barua, ilibidi aje kuniuliza mimi jina lake halisi.

Mimi nilikuwa dirisha la pili, la kadi. Kati yangu na yeye palikuwa na ukuta wa mbao tu, mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya yeye ananiambia pole. Chumba chake kilikuwa na rafu tatu, sinki lililopasuka, birika la kuchemshia maji ya kuchanganyia dawa za unga, na stuli yenye mguu mmoja mfupi. Dirisha lenyewe lilikuwa na tundu chini, dogo, na akina mama walilazimika kuinama ili wasikike. Ndiyo maana yeye aliwajua watu kwa videvu. "Yule wa kidevu chenye kovu amekuja leo na mapacha," angeniambia, nami ningejua ni nani.

Kwenye droo alikuwa na daftari. Fomu ya serikali ilitaka kila kituo kihesabu watoto waliotibiwa na, kati yao, waliopewa antibiotiki. Sote tulijua fomu hizo hujazwaje: mwisho wa mwezi unapika takwimu, unatia sahihi, unakwenda nyumbani. Bi Tikisa hakupika. Kila mtoto akipita alipiga mstari mmoja, na kila wa tano aliukatisha mingine minne. Safu ya kushoto watoto wote, safu ya kulia waliopewa dawa. Nilimcheka mara nyingi.

"Nani atakuja kusoma vijiti vyako hivyo?"

"Asiposoma mtu, basi nitasoma mimi," alisema.

Alipoanza kazi, tabibu wetu alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee wa Saa. Mtoto akiletwa na kikohozi, alimfunua kifua, akashika saa yake mkononi na kuhesabu pumzi dakika nzima, hata kama foleni inanung'unika. Wengi aliwarudisha mikono mitupu. "Huyu ana mafua," alimwambia mama. "Mnyonyeshe, mpe maji, mfute pua. Akianza kuhema mbiombio au akikataa kunyonya, nirudishie hata kama ni Jumapili." Akina mama waliondoka wamevuta midomo. Na kwa kuwa uso wa mwisho kuuona ulikuwa wa Bi Tikisa, nongwa yote ilimwangukia yeye. Miaka ile, katika watoto kumi wa kikohozi, safu ya kulia ilipata mistari mitatu, siku nyingine miwili.

Mzee wa Saa alistaafu. Akaja Daktari Chapuchapu.

Sitamsingizia mtu. Hakuwa daktari mbaya, wala hakuwa mvivu. Alikuta nyumba mpya zimeota kila upande na kituo ni kilekile, watoto mia na ishirini kabla ya adhuhuri na yeye peke yake. Mlango ukifunguliwa, mama hajakaa vizuri, cheti kimeshaandikwa. Dawa ya pinki, tamu, kijiko kimoja mara tatu kwa siku. Akina mama walimpenda sana. Foleni ilikwenda kama maji ya mfereji.

Mistari ikapanda. Mitano katika kumi, kisha saba. Mwaka wa sita wa Chapuchapu ilifika tisa. Bi Tikisa alichukua daftari lake mchana mmoja akaenda nalo chumbani kwa daktari. Mlango haukufungwa, nikasikia.

"Daktari, samahani. Watoto wa kikohozi wa mwezi huu, kumi wakija, tisa wanaondoka na antibiotiki. Zamani walikuwa watatu."

"Na wanapona?"

"Wanapona. Lakini hata wale wa zamani walipona."

Daktari alicheka, si kwa kejeli, kwa kuchoka. "Dada yangu, nikimwandikia dawa, anatoka kwa dakika mbili. Nikianza kumweleza kwa nini simwandikii, dakika kumi, na bado atatoka ananitukana. Hao mia walioko nje utawaona wewe?"

"Sijasema hivyo, daktari."

"Basi. Mimi naandika, wewe unatoa. Kila mtu na jembe lake."

Alirudi kwenye stuli yake akachemsha maji. Hakulisema tena jambo lile, na hilo ndilo alilokuja kujilaumu nalo baadaye. Aliniambia siku moja, tukiwa wazee wote wawili, "Unajua kilichoniziba mdomo? Asante. Nilizoea asante. Miaka ya Mzee wa Saa nilikuwa nakunjiwa uso, na miaka ya Chapuchapu kila mama ananibariki mimi na mwanangu. Nilikuwa natikisa chupa na kufurahi."

Dawa zenyewe nazo hazikukaa mahali pamoja. Baada ya miaka kadhaa akina mama walianza kurudi: "Bi Tikisa, ile ya pinki haimshiki tena huyu." Ikaja ya njano, kali zaidi. Ya njano nayo ikachoka. Ikaja ya unga mweupe ambayo tulizoea kuisikia kwenye hospitali kubwa tu, ikawekwa rafu ya kati, kisha ikahamia rafu ya chini, karibu na mkono, kwa sababu ilitoka kila saa.

Mume wa Bi Tikisa alikwisha kujiendea zake zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kike. Binti huyo alikulia kwenye baraza la kituo. Shule ikifungwa alishinda ndani ya chumba cha dawa, akipanga chupa tupu kwa ukubwa. Akiwa na miaka saba alisoma maandishi ya kwenye boksi bila kukwama, na maneno mengine mimi mwenyewe yalinishinda. Alipokua alisomea kozi fupi ya dawa, akafungua duka mkabala wa lango letu. Mama yake alipaka rangi zile rafu kwa mikono yake, Jumapili mbili mfululizo. Siku ya kufungua alisimama barabarani akiutazama ubao wa duka, akasema, "Aliyezaa kapata."

Duka lile halikuwa na foleni. Halikuwa na kadi, halikuwa na mimi wa kuuliza mtoto ana miezi mingapi. Mama anafika, anasema "nipe ya unga mweupe," anapewa. Asiyemudu chupa nzima anakatiwa vidonge vya siku mbili. Cheti hakuulizwa mtu. Bi Tikisa aliona, maana dirisha lake lilitazamana na lango, na mchana alivuka barabara kwenda kula na binti yake.

"Mwanangu, dozi ni siku tano," alimwambia mara moja nikiwapo. "Na hao wa mafua hawahitaji kitu."

"Mama, nisipowauzia mimi, atawauzia wa kona ile."

"Utatufukuza kazi sisi wa serikali!" alisema Bi Tikisa, akacheka. Sote tukacheka. Tukaendelea kula.

Binti alizaa mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake. Kwa hiyo bibi na mjukuu wakawa wanaitana "somo". "Somo, njoo." "Sitaki, somo." Mtoto mchangamfu, mwenye maneno kuliko umri wake. Na kama mjuavyo, kwa mama mwenye duka la dawa mafua hayalali nyumbani. Somo akipiga chafya mbili, chupa inashushwa rafuni. Akiharisha, chupa. Akiwa na joto kidogo la kuota meno, chupa.

Mwaka wa ishirini na tisa wa Bi Tikisa dirishani, alikuja mtafiti, msichana mwenye kompyuta na kitambaa cha kuziba pua kwa ajili ya vumbi. Alitaka kujua watoto wamekuwa wakiandikiwa antibiotiki kiasi gani mwaka hadi mwaka. Alikaa wiki tatu chumbani kwa Bi Tikisa na marundo ya madaftari. Siku ya nne akauliza, "Bibi, ni wewe uliyepiga mistari hii yote?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Nimezunguka vituo kumi na saba. Kwingine takwimu za Januari ni zilezile za Juni. Zako zinapanda na kushuka na mvua."

Bi Tikisa alinisimulia maneno hayo mara tano siku hiyo. Alitembea kama mtu aliyevua kiatu kilichombana.

Miezi ikapita, tukaitwa mkutanoni. Ukumbi wa ofisi ya afya, viti vya plastiki, picha ya mwanga ukutani. Mtafiti akaonyesha mchoro wa kituo chetu, idadi ya watoto waliopewa antibiotiki kila mwaka. Mstari ulianza chini, enzi za Mzee wa Saa. Ukapanda miaka kumi na mitano kama mtu anayepanda ngazi. Kisha miaka minne ya mwisho ukashuka, ukashuka sana, karibu nusu.

Ukumbi ulipiga makofi. Mkubwa wa ofisi alisimama akasema hayo ndiyo matunda ya semina za kupunguza antibiotiki, kwamba kituo chetu ni mfano, na kwamba tutapewa cheti cha kutundika ukutani. Daktari Chapuchapu aliinuka akainamisha kichwa. Kweli semina tulikuwa tumekwenda, mbili, na tulirudi na kalamu.

Ndipo Bi Tikisa alipoinua mkono.

"Naomba kusema, mheshimiwa. Mistari hii niliipiga mimi. Safu ya kulia imeshuka, sikatai. Lakini tazameni na safu ya kushoto. Watoto wenyewe wamepungua. Hawajaacha kunywa dawa. Wamevuka barabara."

Wengine walicheka. Mtafiti hakucheka, alishika kalamu. "Wamevuka barabara kwenda wapi, bibi?"

"Madukani."

"Maduka yapi?" aliuliza mkubwa wa ofisi. "Taja, bibi. Kama kuna duka linauza bila cheti, hapa ndipo mahali pake."

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Nilimwona akitazama mchoro, akatazama mikono yake, vidole vyenye doa la pinki lisilotoka hata kwa ndimu. Nilijua jina lililokuwa ulimini mwake na nilijua halitatoka.

"Ni... madukani tu, mheshimiwa," alisema, akakaa.

Mkutano ukaendelea. Cheti tukapewa. Kilitundikwa juu ya dirisha langu.

Haikupita miezi mitatu, Somo akaugua. Alikuwa na miaka minne na nusu. Joto kali, kutapika, analia akienda haja ndogo. Mama yake alimpa ya njano siku mbili, kisha ya unga mweupe. Siku ya tano mtoto alikuwa halii tena, analala tu macho nusu wazi. Wakamkimbiza hospitali kubwa, Bi Tikisa akiwa bado na koti lake la kazi.

Mkojo ulipimwa, vijidudu vikaoteshwa, wakasubiri siku mbili. Daktari wa watoto, mwanamke wa makamo asiye na maneno ya kupamba, aliwaita chumbani. Alikuwa na karatasi yenye orodha ya dawa kumi na moja. Mbele ya tisa palikuwa na alama nyekundu.

"Vijidudu vya mtoto wenu ni sugu kwa hizi zote, na vimeshaingia kwenye damu," alisema. "Amekunywa antibiotiki mara ngapi mwaka huu?"

Binti alianza kuhesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Akaishusha mikono mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi?" aliuliza.

"Siwezi kukuambia ni chupa ipi, mama. Vijidudu vya namna hii siku hizi mtoto anaweza kuvipata hata kwa mwenzake ambaye hamjawahi kumwona. Vimejaa. Ila dawa ukimzoesha hivyo, unavitengenezea nyumba." Akageuza karatasi. "Zimebaki mbili. Moja hatunayo, na hatujui itafika lini. Ya pili ni sindano. Itamwokoa, nadhani. Lakini inaweza kuumiza figo, na inaweza kuumiza masikio. Tutampima damu kila mara, ila siwaahidi. Nataka mkubali mkiwa mnajua."

Waliweka sahihi wote wawili, ingawa ya mama ilitosha.

Somo akapona. Siku ya tatu joto lilishuka, siku ya kumi alikuwa anaomba uji. Figo zilikuwa salama. Walirudi nyumbani, nami nikaenda kuwaona, tukakaa uani. Mtoto alikuwa chini akitunga vifungo vya nguo kwenye uzi. Jirani alikuwa akiezua banda lake, bati zima likamponyoka likaanguka kwenye saruji. Mimi niliruka. Kuku walitawanyika. Somo aliingiza kifungo cha bluu, akatafuta cha kufuata.

Bi Tikisa alisimama nyuma yake. "Somo," aliita. "Somo!" Akapiga makofi karibu na kisogo chake. Akapiga tena, kwa nguvu, na tena, mpaka nikamshika mikono. Mtoto aligeuka kwa sababu ya kivuli chetu, akatabasamu akiona tumesimama wote.

Binti alikuwa mlangoni. Sahani aliyoishika hakuiangusha, aliiweka chini taratibu.

Walirudi hospitali, wakapimwa, wakaambiwa waliyokwisha kuyajua. Masikio yamekwenda, na hayarudi.

Maneno yalikuja wiki iliyofuata, dukani, chuma cha mlango kikiwa kimeshushwa nusu. Nilikuwa nimemsindikiza Bi Tikisa.

"Mbona hukunikataza?" binti alisema.

"Nilikukataza. Nilikuambia dozi ni siku tano, nilikuambia wa mafua wasipewe."

"Uliniambia ukicheka, mama."



"Na dirishani kwako ulikuwa unampa nani asiyekuwa na mafua?" binti akaendelea. "Mimi nimejifunzia wapi? Nimekaa miguuni kwako nikikuona unatoa, unatoa, unatoa. Sikuwahi kukuona hata siku moja ukimwambia mtu huyu hahitaji."

"Mimi nilitoa kilichoandikwa."

"Na mimi niliuza kilichoombwa."

Nilitoka nje. Si mambo ya kusikilizwa na mtu baki.

Ndipo Bi Tikisa alipoiandikia ofisi ya afya barua yenye maneno aliyopaswa kuyasema ukumbini. Aliiandika mara tatu, mimi nikisahihisha herufi. Akaeleza kwamba mchoro ule haukuwa kweli, kwamba watoto wa mtaa wanakunywa dawa nyingi kuliko zamani ila hakuna anayewahesabu, na akataja maduka manne. La kwanza lilikuwa la binti yake.

Majibu ya ofisi yalikuja kwa mistari miwili: maoni yake yamepokelewa, na taarifa ilikuwa imekwisha kuchapwa. Wakaguzi kweli walikuja. Walifunga maduka yote manne kwa siku tisa. Siku ya kumi yakafunguliwa, kila moja na karatasi ukutani: ANTIBIOTIKI HAZIUZWI BILA CHETI CHA DAKTARI. Chini ya karatasi hiyohiyo nikamwona mama wa kidevu chenye kovu akipokea chupa. Mtoto wake alikuwa mgongoni, anakohoa.

Binti hakuuliza nani aliandika. Alimpelekea mama yake ujumbe kwa jirani: asivuke tena barabara kuja kula.

Miaka miwili baadaye Bi Tikisa alistaafu. Tulimfanyia sherehe ya soda na biskuti kwenye chumba cha chanjo. Daktari Chapuchapu alitoa hotuba nzuri, akasema dirisha lile halikuwahi kumrudisha mtoto mikono mitupu. Watu walipiga makofi. Bi Tikisa alikuwa akitazama sakafu, na walidhani ni haya.

Sasa anaishi karibu na shule ya watoto viziwi, kwenye chumba kimoja, ili awe karibu. Somo analala kwake siku za shule na kwa mama yake mwisho wa wiki. Jumanne na Alhamisi bibi mwenyewe hukaa darasani, kiti cha nyuma, akijifunza lugha ya alama kwa mwalimu ambaye ni kama mjukuu wake. Vidole vimekakamaa, na alama ya "maji" kwake inafanana na ya "subiri". Somo humrekebisha kwa kumvuta kidole kimoja kimoja, tena kwa hasira, kwa sababu bibi huyu ni mgumu wa kuelewa.

Binti yeye hajajifunza. Anasema duka halimpi nafasi, na tangu afungue la pili huenda ni kweli. Kwa hiyo mtoto akiwa na neno kubwa la kumwambia mama yake, lisilotosha kuonyeshwa kwa kidole, hutoka mbio Jumamosi hadi kwa bibi, humshika mkono, humvuta njia nzima mpaka mlangoni kwa mama yake. Nimewaona. Bibi husimama nje ya kizingiti. Somo huzungumza kwa mikono.

"Anasema viatu vinambana," Bi Tikisa husema.

"Mwambie nitamnunulia."

Bibi humgeukia mtoto, humwambia. Mtoto hujibu.

"Anauliza lini."

"Ijumaa."

Humwambia Ijumaa. Kisha hufunga kitambaa chake kichwani, na kurudi alikotoka.